Mama Yako Ndiye Aliyeonja Kwanza

Katonga,
Kigoma.
14 Machi 2024.

Mpendwa mpwa wangu Winfrida,

Nakuamkua kutoka huku ziwani. Natumaini Newala hamjambo, wewe na mumeo Jeremia, na huyo Dainess ambaye naambiwa ameshaota meno ya kuuma watu. Mimi mzima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na mwaka huu halijapumzika.

Najua unajiuliza kwa nini mjomba anaandika barua wakati simu ipo. Nikipiga simu, mama yako yuko pembeni, na masikio yake siku hizi yanasikia hadi mchwa. Barua ni kitu pekee humu ndani ambacho hawezi kukichungulia. Utaelewa.

Unaikumbuka biashara yake ya gongo. Unakumbuka pia desturi yetu, kwamba anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza mbele yake, ajue hakuna sumu. Dada yangu hakuwahi kuruka hata kikombe kimoja. Martini, yule mpagazi wa Kibirizi, alizoea kumchokoza: "Mama Wini, unaonja au unanisaidia kumaliza?" Naye humjibu, "Kunywa, mwanangu. Ukifa, tumekufa wote." Watu wakacheka. Benchi lilikuwa linajaa.

Masika ya mwaka jana mvua zilizidi, mihogo ikaoza badala ya kukauka, na pipa likakosa cha kuchachua. Mfanyabiashara mmoja wa kupita akamletea dumu la spiriti, akasema ni ya kiwandani, aichanganye na yake kidogo kidogo. Mama yako si mjinga. Alimimina kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Moto ukawaka buluu, bila moshi. Hapa mtaani moto wa buluu ndiyo cheti. Nami nilikuwepo, nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu, mimi ambaye shule yangu ni magazeti ya kufungia vitumbua.

Wateja wakaanza kuumwa vichwa, wakasingizia jua. Mmoja alitapika sana, mkewe akaenda kulalamika zahanati, na ndipo akaja bwana afya, kijana wa kutoka Iringa anayeitwa Herman, pamoja na polisi. Gongo yote ikamwagwa mferejini, na bata wa jirani wakafukuzwa wasije nao wakaonja. Herman akabeba chupa moja kwenda kuipima maabara. Mama yako akamwambia asijisumbue, ameshaipima kwa kijiko.

"Shikamoo tena, mama," kijana akasema kwa upole. "Kuna sumu inayofanana na pombe, nayo inawaka buluu. Mashine ndiyo inayozitenganisha. Moto hauzijui."

Majibu yalipokuja, yalisema mna methanoli ndani. Herman alitueleza kuwa ni ndugu ya pombe ya kunywa, ila hii inashika mishipa ya macho. Akauliza nani amekunywa zaidi. Tukaanza kumtajia walevi wetu wakubwa, mmoja mmoja, kwa fahari kidogo. Hakuna aliyemtaja mama yako, maana hajawahi kununua hata kikombe. Lakini fikiria mwenyewe: kila mteja alikunywa kikombe chake, akaenda. Yeye alikunywa funda la kila mtu.

Alikana kuwa ana tatizo la macho. Alisema taa za siku hizi hazina nguvu. Mpaka siku ulipotuma picha ya Dainess. Nilimpa simu mkononi, na kabla hajaitazama kioo kikazimika. Akakikodolea kile cheusi kwa muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Kapua ka bibi yake kabisa."

Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hana hakika nacho. Mama yako anaona vivuli tu, na anajua mlango ukiwa wazi. Amenikataza kukwambia, eti utawaacha watoto wa watu darasani bila mwalimu.

Polisi walimwachia kwa onyo. Mtaa ndio haukumwachia. Martini na mzigo wake kichwani siku hizi anazunguka njia ya nyuma, ambayo ni ndefu na ina matope. Benchi bado lipo pale pale. Anayelikalia ni kuku. Tunakaa wawili mlangoni tukisikiliza maboti yakirudi, naye ananitajia ni la nani kwa mlio wa injini. Mara nyingi anapatia. Asipopatia, namwambia amepatia. Kisha anatengeneza chai kwa kupapasa, na kabla ya kunipa kikombe anakionja. Nimemwambia hii ni chai tu, dada. Hasikii.

Usitume hela. Njoo, uje na mtoto, shule zikifunga tu, kabla hata vivuli havijaondoka. Nawe ukifika, usisimame mlangoni ukicheka kimya ukingoja akutambue, kama ulivyozoea. Mwamkie kwa sauti ungali njiani. Halafu mpakatishe Dainess, aipapase hiyo pua mwenyewe.

Mpe salamu zangu Jeremia. Mama yako mdogo Veneranda wa Ilagala anawasalimu wote. Mungu awashike mkono njia nzima hadi hapa kwetu.

Akupendaye, ingawa hajui kulisema kwenye simu,
Mjomba wako,
Telesphory