Mke Wangu Mara Mbili

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama Zena,

Mimi mzima, ila roho inaniwaka. Ile picha uliyopigwa ulipokuja huku kwa shangazi, mpiga picha anaiuza sokoni kama postikadi! Kwa ujanja wake wa kupiga mara mbili kwenye kioo kimoja cha kunasia picha, wewe umekaa, na wewe huyo huyo umesimama unajimiminia kahawa. Midomo kaipaka rangi nyekundu.

Leo kijana mmoja kasema, "Mimi namtaka aliyekaa." Mwenzake kajibu, "Basi aliyesimama wangu."

Na mimi mwenye mke nibaki na nani?

Nimezinunua zote, na hii ninayokuandikia ni mojawapo. Stempu moja ingetosha, lakini nyuso zako ni mbili na tarishi naye ana macho, basi nimeziziba zote mbili kwa stempu. Zibandue taratibu, usiharibu hata ukope.

Mumeo, mmoja tu,
Baba Zena