Kubandua

Jumatano, baada ya isha

Mimi fundi mzima, simu ya kukunja ya mteja wangu Bi Rukia imenishinda. Mwanawe kamletea kutoka Maskati; yeye akabandua utando wa juu akidhani ni protekta, kioo kikazima. Kesho nitamwambiaje?

Nimetafuta kioo hicho kinavyotengenezwa. Subhanallah! Plastiki ya majimaji humiminwa juu ya kioo kigumu, huokwa mpaka iwe ngozi nyembamba. Juu yake hupangwa taa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Kisha mwanga wa leza hupitishwa kwa chini, ngozi ikaachia kile kioo kigumu, ikabanduliwa pamoja na taa zake.

Nikamsimulia mama. "Na haichaniki?" akashangaa. "Mkate wangu wa kumimina hung'ang'ania sufuria!"

Haichaniki, mama.

Bi Rukia kabandua, kioo kikafa. Wale wa kiwandani hubandua, ndipo kinapozaliwa.