Leo Kisilu Amevaa Kaptula

Sauda! Kisilu amekuja kliniki yangu ya mazoezi hapa Tawa! Yule lekchara wetu wa tiba ya viungo, siku hizi anatembea na bakora, goti limemshinda.

Unakumbuka 1988? Darasa la kupimana magoti, lazima kaptula, mimi na sketi ya kanisa juu yake, na yeye mbele ya wanaume wote wa darasa: "Vua hiyo sketi ama urudi kwenu Mbumbuni ukaimbe kwaya." Nikavua nikilia. Wewe ndio ulinifunika na leso.

Leo hakunijua. Nikamwambia avae kaptula nimpime goti. Ati hawezi, wamama wa kanisa lake wako hapo kwa benchi!

Nikamrushia kaptula. "Vua hiyo suruali ama urudi kwenu ukaimbe kwaya."

Hapo ndio akanijua, Sauda.

Akavua. Na hakuna aliyemletea leso.