Bunduki Inayozungushwa kwa Mkono Mmoja

Mjukuu wangu Neema,

Huku Stockholm tu wazima. Shangazi yako bado anafanya usafi kule Kista. Unauliza kauboi wa kwenye televisheni anakokije bunduki kwa kuizungusha kwa mkono mmoja. Nilipokuwa kijana Uvira, padri alituonyesha filamu hizo, tukamsihi arudishe mkanda. Wenzangu walimtazama kauboi usoni, mimi nikatazama mkono. Ile pete ya chuma ya kukokia, iliyo chini ya bunduki, ilikuwa imepanuliwa ili kiganja kipite, mtutu umekatwa usigonge kwapa, na risasi zilikuwa za mlio tu. Iliharibiwa kwanza, ndipo ikawa mchezo.

Bunduki ya mjomba wako mlinzi ni nzima, na risasi zake ni za kweli. Mbona hukumuuliza yeye, mnayekaa naye nyumba moja? Nijibu upesi: akilala, anaiweka wapi?

Babu yako, Tumba