Aliyefuga Wadudu

Jumatatu, 4 Machi

Panzi kaja ofisini amevaa tai. Nikajua kuna jambo. Ni mkuu wa idara siku hizi, lakini hilo jina la Panzi nilimpa mimi alipokuwa mwanafunzi wangu — leo anatafiti nzige, kesho mchwa, keshokutwa haonekani. Eti Ijumaa chuo kitanienzi. Hotuba, ngao, na chumba changu cha kufugia nyigu kitapewa jina langu.

Nikamuuliza nani atawalisha hao nyigu nikishastaafu. Akasema hilo litaangaliwa. Kuangalia wanajua sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimewapa nyigu viwavi wapya. Nyigu wangu ni wadogo kama ufuta, hawaumi mtu. Jike humdunga kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, anataga humo humo, na kiwavi kwisha habari yake. Mkulima anavuna bila sumu. Kazi yangu yote ni hiyo. Ukoo huu niliuanza kabla kitinda mimba wangu hajazaliwa, na hakuna kwingine unakofugwa.

Panzi kaleta maneno ya ngao: "Aliyeangamiza wadudu maisha yake yote." Nikakata, nikaandika "Aliyefuga". Kakuna kichwa. Akasema: Mama, watu watacheka. Wacheke.

Jumatano, 6 Machi

Jengo zima linapigwa rangi na kusuguliwa kwa ajili ya wageni. Kila mtu anapita na ndoo. Nimebandika karatasi mlangoni kwangu, herufi kubwa: USIINGIE. KUNA WADUDU.

Hapo nikaenda kujaribu viatu vya sherehe. Vinabana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua mlango, harufu ya sumu ikanipokea. Vizimba vyote kimya. Wamelala chini kama vumbi.

Ofisi ya majengo ilimtuma mpuliza dawa apite kila chumba, wageni wasije wakaona mende. Nilimkuta nje anasuuza pampu yake. Kumbe aliisoma karatasi yangu. Akasema: "Mama, si uliandika mwenyewe kuna wadudu? Nikaingia, nikawaona kweli, wengi, nikapuliza mara mbili." Alikuwa anangoja shukrani. Nimgombeze vipi?

Nilikaa sakafuni nikalia. Panzi akaja akakaa kando yangu na tai yake, hana pa kurukia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wenyeji wangu wamekufa wote.

Jioni. Nimemsimulia mume wangu. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza taratibu: je, kile kikopo ulichonikataza kugusa kwenye friji, bado una kazi nacho?

Nilikuwa nimesahau kabisa! Vifukofuko vya akiba, vile vyeupe ambamo nyigu hukomaa. Nilivileta nyumbani wiki iliyopita umeme ulipokuwa unakatika-katika chuoni. Yeye kakihamishia juu ya kabati apate pa kuweka soda za wageni. Nimemkumbatia na kumgombeza kwa pamoja. Joto litawatoa mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Ukumbini, kiti cha mbele. Naandikia mapajani. Kikopo kimo mkobani, nimekifunika kitambaa chepesi, na lenzi ninayo. Mume wangu kajifanya hanijui.

Vifukofuko vingi vimeharibika. Vichache vilivyo hai vimeanza kupasuka tangu tulipokunywa chai. Dume. Dume. Dume mwingine — vipapasio virefu kuliko vya jike, hakuna ubishi. Madume watupu ni mwisho wa ukoo. Nahitaji jike. Hata mmoja.

Mkuu wa chuo anahutubia. Ananisifu vizuri, kusema kweli, na wakulima kawataja. Ngao iko mezani, naisoma nikiwa hapa. "Aliyeangamiza wadudu maisha yake yote." Panzi hakubadilisha neno. Tangu jana limekuwa kweli.

Dume tena.

Kimebaki kifukofuko kimoja. Kinatikisika. Kuna mtu anatafuna mlango kwa ndani.

Jina langu limeitwa. Makofi. Mume wangu ananigusa kiwiko: mama watoto, simama, wanakungoja. Panzi ananyoosha shingo, kakiona kikopo, naye kaacha kupiga makofi.

Kichwa kimetoka. Vipapasio bado vimekunjika humo ndani.

Ukumbi mzima umesimama. Wangoje.