Zege Nyuma ya Jiko

Rwamgasa, Jumapili

Mayu, shikamoo.

Natumaini goti limepata nafuu na mvua ya huko Kishapu imeikumbuka pamba yetu. Mimi ni mzima wa mwili. Kinachoniumiza ni aibu, na nakuandikia ili uisikie kwangu kabla Mama Kulwa hajakuletea mlangoni.

Kulwa alikuja kununua nyumba yangu kwa sababu wewe ulimwambia mama yake, "Nendeni kwa mwanangu, hawezi kuwaficha kitu." Mayu, nilimficha.

Mimi mwenyewe nilipoinunua, hakuna aliyefungua mdomo. Vyumba vinne kwa bei ya viwili. Nikajiona bingwa wa mahesabu. Baadaye mwanamke mmoja mzee akabisha hodi, akaomba kukaa kidogo nyuma ya jiko. Ndipo nikajua kuwa pale palikuwa na duara, shimo la dhahabu. Lilimwangukia mwanawe, wakashindwa kumtoa, wakalifukia na kumwaga zege juu. Mtaa mzima ulijua, hata mashahidi waliotia saini mauziano yetu! Wapangaji wawili waliposikia, wakahama. Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Yule mama nilimruhusu awe anakuja kila mwaka, siku aliyofariki kijana wake.

Kulwa alikagua nyumba vizuri, mtoto mgongoni. Akafika kwenye zege.

"Kaka, hapa pa nini?"

"Pa kufulia," nikajibu bila kupepesa macho.

"Afadhali. Na huyu atapata pa kuchezea."

Hapo nilipaswa kusema. Nikajiambia, mimi nilinyamaziwa, kwa nini niwe wa kwanza kupata hasara?

Siku ya kuandikishana tumekaa sebuleni na mashahidi, yule mama akatokea. Nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo siku yake. Nikamkimbilia mlangoni.

"Mama, leo nina wageni, rudi wiki ijayo."

"Wageni wako wataondoka, baba. Wangu yuko humo humo."

Hakupaza sauti, ila Kulwa alisikia. Akatoka, akampigia goti kumwamkia, akauliza, akaelezwa yote. Mimi nimesimama pale kama mwizi wa kuku.

"Kaka," akaniambia, "kwetu wafu tunawazika uani, unajua. Siwaogopi. Ungesema, tungeelewana bei nikanunua. Sasa nikihamia humu, si kila ukuta nitauuliza unaficha nini?"

Akakaza kanga ya mtoto, akaenda zake stendi. Mashahidi wakatazama chini; mmoja wao ndiye aliyenishuhudia na mimi nilipouziwa.

Nyumba bado nataka kuiuza. Ila atakayekuja nitaanza kumpeleka nyuma ya jiko kabla hajaangalia bati, hata kama bei itaanguka nusu. Zege nalivunja, yule mama akae kwenye udongo. Mwanawe aliitwa Masanja. Miaka yote hiyo namfungulia mlango, sikuwahi kuuliza.

Mama Kulwa akikujia, usinitetee. Usimwambie nilipitiwa. Nilijua.

Nisalimie shangazi, na kaka anayehangaika na ng'ombe, na mke wake na watoto. Kwa Mama Kulwa usinifikishie salamu yoyote. Nakuja mwezi ujao, na nitapiga hodi kwake kwanza, kabla sijaingia nyumbani.

Mwanao,
Shija