Huyu Mtoto wa Nani?

Kakangu Hamoud,

Assalaam aleikum. Huku Mtongwe tu wazima, ila mama magoti yamemfura, na zahanati bado ina kufuli tangu siku ile waheshimiwa walipokata utepe, wakapigwa picha, wakenda zao.

Ihsan wangu aliuliza barazani itafunguliwa lini. Aliuliza hilo tu, tena kwa adabu. Chifu aliwageukia watu akasema, "Huyu mtoto wa nani?" Wanaume wote wakainamisha vichwa, hata babake. Nikasimama nikasema ni wangu.

Jana polisi walikuja kumchukua, ati ni mchochezi. Wallahi, kaka, hawamwogopi Ihsan. Wanaogopa kwamba akijibiwa yeye, kesho sote tutauliza. Wangetujua tulivyo, wasingejisumbua kumfunga. Tangu asubuhi majirani wanapishana hapa mlangoni, na kila anayeingia ananiuliza kwa nini sikumfunza mwanangu kunyamaza.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza zahanati itafunguliwa lini.

Mama anakusalimu. Mwombee mpwao huyu.

Dadako,
Samah